Lucille Ball: Mchekeshaji aliyemiliki kicheko chake

Lucille Ball, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa tarehe 6 Agosti 1911 na kufariki tarehe 26 Aprili 1989, anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa vichekesho vya televisheni. Kipindi kilichompa jina, I Love Lucy, kilianza kurushwa Oktoba 1951, wakati ambapo televisheni ilikuwa bado kitu kigeni katika nyumba nyingi za Wamarekani na vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja, vikaishia hewani usiku uleule. Cha kwake kilipigwa kwenye ukanda wa filamu mbele ya watazamaji, na kanda hizo zilikuwa mali yake na ya mumewe. Kwa sababu hiyo habari za maisha yake zina pande mbili zisizoachana: ufundi wa kuchekesha kwa mwili na uso, na biashara iliyomfikisha kwenye kiti cha mkuu wa studio. Pande zote mbili zilichelewa. Kipindi kilipoanza alikuwa na umri wa miaka 40, ameshaonekana katika filamu nyingi, na Hollywood ilikuwa imekwisha kuamua kwamba huyu si nyota mkubwa.

Alizaliwa Jamestown, mji wa viwanda ulioko magharibi mwa jimbo la New York. Baba yake, Henry Ball, alikuwa fundi wa nyaya za simu, na kazi hiyo iliihamisha familia mara kwa mara. Februari 1915 wakiwa Wyandotte, jimboni Michigan, homa ya matumbo ilimuua akiwa na miaka 27. Lucille alikuwa hajatimiza miaka minne, na mama yake, Désirée, ambaye kila mtu alimwita DeDe, alikuwa mjamzito. Mjane huyo akarudi kwao, akajifungua mtoto wa kiume, Fred, na watoto wakalelewa kwa kiasi kikubwa na babu na bibi katika kijiji cha Celoron, kando ya Ziwa Chautauqua. Celoron ndiko sanamu ya shaba ya Lucille ilikosimamishwa mwaka 2009, ikiwa na sura ya kutisha kiasi kwamba wakazi waliilalamikia kwa miaka hadi mwaka 2016 ilipoletwa nyingine inayofanana naye. Ile ya kwanza haikutupwa. Ilisogezwa pembeni, na wageni hupiga picha na zote mbili.

Babu, Fred Hunt, alikuwa fundi seremala na msoshalisti wa moyo wote. Ndiye aliyewapeleka wajukuu kutazama maonyesho ya jukwaani yaliyochanganya nyimbo, mazingaombwe na vichekesho, na msichana yule akayapenda. Kuna kipindi kifupi, baada ya mama kuolewa tena, alichoachwa kwa wazazi wa baba yake wa kambo, Waswidi washika dini waliokuwa na kioo kimoja tu nyumbani, tena cha bafuni, na mtoto aliyekutwa anajitazama kupita kiasi alikaripiwa. Mwaka 1927 familia ilipata pigo jingine. Babu alikuwa amemnunulia Fred bunduki ndogo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na watoto walipokuwa wakijifunza kulenga uani, mtoto wa jirani alipigwa risasi ya mgongo akapooza. Mzee Hunt alishtakiwa, na nyumba ikapotea.

Wakati huo Lucille alikuwa ameshaonja kushindwa kwake kwa kwanza. Mwaka 1926, akiwa na miaka 15, alipelekwa New York kusoma katika shule ya uigizaji ya John Murray Anderson. Mwanafunzi aliyeng'ara hapo alikuwa Bette Davis. Lucille alikuwa mwoga hadi sauti haikutoka, na walimu walimwandikia mama yake kwamba anapoteza fedha. Alirudi nyumbani, kisha akarudi tena New York kufanya kazi ya kuonyesha mavazi katika duka la mbunifu Hattie Carnegie, ambako alifunzwa namna ya kusimama, kugeuka na kuvaa gauni la bei kubwa kana kwamba ni lake. Maradhi ya viungo yakamrudisha tena nyumbani kwa takribani miaka miwili. Alipopona alipata kazi ya kupigwa picha za matangazo ya sigara za Chesterfield, na picha hizo zikamfungulia njia mwaka 1933 kwenda California kuwa mmoja wa wasichana wa kupamba jukwaa katika filamu ya Roman Scandals, ambayo nyota wake alikuwa mchekeshaji Eddie Cantor.

Miaka iliyofuata haihitaji maneno mengi, kwa kuwa kwa muda mrefu ilikuwa ya kungoja. Alikuwa mwigizaji wa mkataba katika studio ya RKO, akipewa nafasi ndogondogo: anaonekana katika filamu za Fred Astaire na Ginger Rogers kama vile Top Hat ya 1935, mara nyingine akiwa na sentensi chache tu. Lela Rogers, mama yake Ginger, aliendesha darasa la waigizaji chipukizi hapo studioni, na Lucille alikuwa mwanafunzi asiyekosa. Stage Door ya 1937, ambamo alicheza na Katharine Hepburn, ilimwonyesha kama mwenye ulimi mwepesi. Dance, Girl, Dance ya 1940 na The Big Street ya 1942 zilionyesha uwezo zaidi. Hata hivyo jina aliloambulia mjini lilikuwa malkia wa filamu za daraja la pili. Alipohamia MGM, mtengeneza nywele Sydney Guilaroff alizipaka nywele zake rangi nyekundu ya kung'aa kwa ajili ya filamu ya rangi, Du Barry Was a Lady ya 1943. Rangi hiyo haikumtoka tena, ingawa mamilioni waliompenda baadaye walimtazama kwa picha nyeusi na nyeupe.

Kitu cha thamani zaidi alichokipata MGM hakikuwa filamu. Buster Keaton, mmoja wa wafalme wa sinema bubu, alikuwa ameshuka cheo na kukaa pale kama mshauri wa vichekesho. Yeye na mwongozaji Edward Sedgwick waliona kwa Lucille jambo ambalo wakuu wa studio hawakuliona: mwanamke mrembo asiyeogopa kuonekana kituko. Keaton alimfundisha kuheshimu vyombo vya mchezo. Kama kichekesho kina ngazi, kofia au chupa, mwigizaji aishike mapema, aujue uzito wake, aijaribu mpaka mkono uizoee, na siku ya kupiga picha aonekane kana kwamba anaishika kwa mara ya kwanza. Somo hilo alilishika maisha yake yote.

Alikutana na Desi Arnaz mwaka 1940 katika utengenezaji wa filamu ya Too Many Girls. Arnaz alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917, mtoto wa meya wa mji huo. Mapinduzi ya 1933 yalimfunga baba yake na kuifilisi familia, na kijana akaishia Miami akifanya vibarua kabla ya kuwa mwimbaji na mpiga ngoma wa conga. Walioana tarehe 30 Novemba 1940 huko Greenwich, Connecticut. Ndoa ilikuwa ya moto tangu mwanzo. Lucille alikuwa studioni tangu alfajiri. Mume alikuwa akisafiri na bendi au kufanya kazi usiku, na sifa yake ya kupenda wanawake na pombe haikuwa siri. Mwaka 1944 Lucille alifungua kesi ya talaka, kisha wakapatana kabla haijakamilika. Haja ya kumweka mume karibu ndiyo iliyozaa kipindi kilichobadilisha televisheni.

Mwaka 1948 shirika la CBS lilimpa mchezo wa redio, My Favorite Husband, ambamo alikuwa mke mwenye vituko wa mfanyakazi wa benki. Hapo alikutana na waandishi waliomwelewa kuliko wote: Jess Oppenheimer, Bob Carroll na Madelyn Pugh. Redio ilipoonyesha kwamba anachekesha, CBS walitaka mchezo huo uhamie kwenye televisheni. Lucille alikubali kwa sharti moja, kwamba mume awe Desi. Wakubwa walisita, wakidai watazamaji hawataamini kwamba Mmarekani mwenye nywele nyekundu anaweza kuolewa na Mkuba anayezungumza Kiingereza chenye lafudhi. Wawili hao hawakubishana nao. Mwaka 1950 waliunda kampuni, Desilu, jina lililounganisha Desi na Lucille, wakatengeneza onyesho la jukwaani na kuzunguka nalo mijini. Watu walicheka, na CBS ikaishiwa hoja.

Shida iliyofuata ilikuwa ya mahali. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka kipindi kirushwe moja kwa moja kutoka New York, kwa kuwa nyumba nyingi zenye televisheni zilikuwa upande wa mashariki. Vipindi vilivyotoka California viliwafikia watu wa mashariki kwa nakala iliyopatikana kwa kupiga filamu kioo cha televisheni, na picha yake ilikuwa na ukungu. Wanandoa hawa walikuwa na nyumba yao California na walikuwa wanatarajia mtoto wa kwanza, Lucie, aliyezaliwa Julai 1951. Walipendekeza kipindi kipigwe kwa filamu ya milimita 35, kama sinema, ili kila mtu nchini aone picha safi. Gharama ingepanda. Ili kuziba pengo walikubali kukatwa dola 1,000 kwa wiki katika malipo yao, nao wakataka kanda zibaki kuwa mali ya Desilu. CBS iliridhia. Mwaka 1951 hakuna aliyeona thamani ya kipindi kilichokwisha kuonyeshwa. Ni vigumu kupata katika historia ya televisheni punguzo la mshahara lililolipa kuliko hilo.

Kiufundi, walichokusudia hakikuwa rahisi. Sinema hupigwa kwa kamera moja, vipande vipande, na taa hupangwa upya kwa kila kipande. Lucille alihitaji watazamaji halisi mbele yake, maana bila vicheko vyao alipoa. Kwa hiyo mchezo ulipaswa kwenda mfululizo kama wa jukwaani. Jibu lilikuwa kamera tatu za filamu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, moja ikitazama eneo zima na mbili zikikaribia nyuso, kisha mhariri achague. Kamera nyingi zilikuwa zimewahi kujaribiwa kwingine, lakini si kwa hadithi nzima ya vichekesho yenye vyumba kadhaa na watu 300 wameketi mbele yake. Kazi ya mwanga alipewa Karl Freund, Mjerumani aliyepiga Metropolis na aliyekuwa na tuzo ya Oscar kwa The Good Earth. Freund alizitundika taa juu ya jukwaa na kutandaza mwanga sawasawa, ili kamera yoyote, kutoka upande wowote, ipate picha inayofaa na sakafu ibaki wazi kwa magurudumu ya kamera. Majukwaa yalijengwa kwa safu, jiko, sebule, chumba cha kulala, klabu ya muziki, na mchezo ulisogea kutoka moja hadi jingine jioni moja, karibu bila kusimama. Vicheko vinavyosikika ni vya watu waliokuwapo. DeDe alikuwa miongoni mwao karibu kila wiki, na msikilizaji makini huweza kuitambua sauti ya mama akiguna kwa hofu binti yake anapoelekea kwenye balaa.

Kipindi cha kwanza kilirushwa Jumatatu, tarehe 15 Oktoba 1951. Lucy Ricardo ni mke wa Ricky, kiongozi wa bendi katika klabu ya New York. Anatamani kuwa msanii, hana kipaji cha muziki, na mume hataki apande jukwaani. Wenye nyumba wanayopanga ni Fred na Ethel Mertz, waliochezwa na William Frawley na Vivian Vance. Frawley alikuja na sifa ya ulevi, na Desi alimwonya mapema kwamba akikosa kazi kwa sababu hiyo atafukuzwa, naye hakukosa. Yeye na Vance, aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka 20, hawakupatana hata kidogo, na chuki yao ilifanya ugomvi wa mke na mume kwenye skrini uonekane wa kweli mno. Vance alipata tuzo ya Emmy mwaka 1954. Mchango wake haukuwa mdogo kuliko tuzo hiyo: kituko cha Lucy kilihitaji mtu wa kukishuhudia, kukipinga, kisha kuburutwa nacho, na Vance alifanya yote matatu kwa macho tu.

Hadithi nyingi zina mifupa ileile. Lucy anataka kitu kidogo, anasema uongo mdogo ili akipate, uongo unahitaji uongo mwingine, na mwishowe amevaa ndevu bandia au amefungiwa ndani ya jokofu la nyama. Waandishi walijali sana kwamba kila hatua iwe na sababu, ili mtazamaji akubali upuuzi wa mwisho kwa kuwa aliukaribia polepole. Sehemu za vitendo waliziandika kwa undani, kwa herufi kubwa, na Madelyn Pugh, mwanamke pekee katika kundi hilo, alizijaribu mwenyewe kwanza kuhakikisha mwili wa mwanamke unaweza kuzifanya bila kuumia. Kisha Lucille alizichukua na kuzirudia mpaka wenzake wakachoka. Hakuwa mtu wa mzaha nje ya kamera. Wengi waliofanya naye kazi walimkumbuka kuwa mkali, mwenye kudai, asiye na subira kwa mtu aliyekuja bila kujiandaa. Hakubuni vichekesho papo kwa papo. Kinachoonekana kama wehu wa ghafla ni kazi iliyopimwa.

Mifano miwili inatosha. Katika sehemu iliyorushwa Mei 1952, Lucy anapata nafasi ya kutangaza dawa ya kuongeza nguvu inayoitwa Vitameatavegamin, bila kujua kwamba asilimia 23 yake ni pombe. Anarudia tangazo lilelile mara kadhaa, na kila mara anakunywa kijiko. Maneno hayabadiliki sana. Ulimi ndio unaopinda, kisha magoti, kisha jina la dawa linasambaratika silabi kwa silabi. Mwigizaji dhaifu angelewa mapema. Ball anaugawa ulevi katika vituo vidogo sana, na kila kituo kina kicheko chake. Sehemu ya Septemba 1952 inawaweka Lucy na Ethel kiwandani kufunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda. Mkanda unaongeza kasi, na chokoleti zinaishia mdomoni, ndani ya kofia na kifuani. Katika sehemu hiyohiyo mwanamke aliyekaa naye kuchovya peremende hakuwa mwigizaji bali mfanyakazi halisi wa kiwanda cha peremende, na kofi alilompiga Lucille lilikuwa la kweli. Mwaka 1956 mkanyaga zabibu aliyepigana naye ndani ya pipa alikuwa vilevile mtu wa kazi hiyo, na Lucille alisimulia baadaye kwamba mama huyo alimgandamiza chini hadi akahofia kuzama.

Umaarufu ulikuja haraka. Aprili 1952 kipindi kilifikia nyumba milioni 10. Duka kubwa la Marshall Field's mjini Chicago liliacha kufungua milango Jumatatu usiku na kuhamishia mauzo yake Alhamisi, maana Jumatatu wateja walikuwa nyumbani. Kisha Lucille akapata mimba ya pili. Desturi ya wakati huo ilikuwa kumficha mwigizaji mjamzito nyuma ya viti na meza, au kusimamisha kipindi. Desi na Oppenheimer waliamua kwamba Lucy Ricardo naye atakuwa mjamzito. CBS na mdhamini walikubali kwa shingo upande, neno lenyewe la ujauzito likakatazwa, na kasisi, mchungaji na rabi wakaombwa kupitia miswada. Hawakuona kosa. Sehemu ya Lucy kujifungua ilirushwa tarehe 19 Januari 1953, siku ileile Lucille alipojifungua Desi mdogo kwa upasuaji uliokuwa umepangwa. Watu wapatao milioni 44 walitazama, wengi kuliko waliotazama kesho yake Dwight Eisenhower akiapishwa kuwa rais. Wakati wa mapumziko yake ya uzazi baadhi ya sehemu za zamani zilirudiwa, na watu wakazitazama tena bila kulalamika. Biashara ya marudio, inayolisha vituo vya televisheni hadi leo, ilipata hapo mojawapo ya ithibati zake za kwanza.

Mwaka huohuo ungeweza kummaliza. Septemba 1953 mtangazaji Walter Winchell alidokeza kwamba mchekeshaji mashuhuri wa kike aliwahi kuwa mkomunisti. Kweli, mwaka 1936 Lucille alijiandikisha kama mpiga kura wa chama cha Kikomunisti, na alikuwa ameshaieleza kamati ya Bunge kwamba alifanya hivyo kumridhisha babu yake mzee, na kwamba hakuipiga kura hiyo kamwe. Waigizaji wengi walipoteza kazi kwa tuhuma nyepesi kuliko hiyo. Kabla ya kupiga sehemu ya wiki ile, Desi alisimama mbele ya watazamaji akakanusha, akasema kitu pekee chekundu kwa mkewe ni nywele, na hata huo wekundu si wa asili. Watu wakashangilia, kamati ikathibitisha kwamba haina neno naye, na mdhamini hakujitoa. Si haki kusema alipona kwa sababu alikuwa hana hatia, kwa kuwa wasio na hatia waliangamia. Alipona kwa sababu kipindi namba moja nchini kilikuwa kimewaletea wakubwa fedha nyingi. Mapema mwaka ule Desilu ilikuwa imetia saini mkataba wa dola milioni 8.

Kuna ukinzani usioweza kukwepwa katika mchezo huu. Kila wiki Lucy Ricardo alijaribu kutoka jikoni, na kila wiki hadithi ilimrudisha, mara nyingine kwa Ricky kumlaza magotini na kumchapa kama mtoto. Anayetazama leo hukunja uso. Lakini nyuma ya kamera mwanamke huyo alikuwa mmiliki mwenza wa kampuni iliyokuwa ikiajiri mamia ya watu. Upande wa Ricky nako kulikuwa na uangalifu usio wa kawaida kwa enzi hizo. Mhusika huyo ndiye mwenye akili na kipato nyumbani, huzungumza Kihispania anapokasirika, na watengenezaji walijiwekea kanuni kwamba Lucy peke yake ndiye anayeruhusiwa kumtania kwa Kiingereza chake. Wengine walipojaribu, watazamaji hawakucheka.

I Love Lucy ilifungwa Mei 1957 ikiwa bado namba moja, baada ya sehemu 180, na wahusika waliendelea katika vipindi virefu 13 hadi 1960. Desi, ambaye magazeti yalipenda kumwona kama mume wa nyota, ndiye aliyekuwa akili ya biashara. Desilu iliiuzia CBS haki za kanda zilezile kwa mamilioni ya dola, na mwishoni mwa 1957 ikatumia fedha hizo kununua viwanja na majengo ya RKO kwa kiasi cha dola milioni 6. Ilikuwa studio ileile iliyomlipa Lucille mshahara wa kibarua cha sinema katika miaka ya 1930. Ndoa, hata hivyo, ilikuwa imechoka. Walipiga kipindi chao cha mwisho pamoja tarehe 2 Machi 1960, na kesho yake Lucille akafungua kesi ya talaka.

Alikwenda Broadway kucheza Wildcat, akaugua na kuchoka, onyesho likafungwa mwaka 1961. Novemba mwaka huo aliolewa na mchekeshaji Gary Morton. Mwaka 1962 alirudi CBS na The Lucy Show, yeye akiwa mjane na Vivian Vance akiwa mtalaka, wanawake wawili wanaolea watoto nyumba moja bila mume. Mtalaka kama mhusika wa kudumu lilikuwa jambo jipya kwa televisheni ya Marekani. Desi alikuwa akizidiwa na pombe na kazi, na Novemba 1962 Lucille alinunua hisa zake. Hivyo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya Hollywood akiwa mkuu wake peke yake.

Mwenyewe hakuwahi kudai kwamba anafurahia vikao vya mahesabu. Lakini maamuzi yake machache yalikuwa na uzito. Desilu ilipotengeneza sehemu ya majaribio ya Star Trek, NBC waliikataa na kuomba nyingine. Bodi ya Desilu iliona mradi huo, pamoja na kipindi kingine, Mission: Impossible, ungeifilisi kampuni, lakini Lucille alitumia nafasi yake kuipitisha. Vyote viwili vilianza kurushwa Septemba 1966. Mwaka 1967 aliiuza Desilu kwa Gulf+Western kwa dola milioni 17, na ikageuzwa kuwa kitengo cha televisheni cha Paramount. Aliyenunua alivuna zaidi kwa miongo iliyofuata.

Baada ya hapo aliendelea kwa mazoea na kwa tuzo. Alipata Emmy mwaka 1967 na 1968, juu ya mbili za miaka ya 1950. Here's Lucy, iliyoanza 1968 na kumalizika 1974, ilimweka pamoja na watoto wake wawili, Lucie na Desi mdogo. Filamu Yours, Mine and Ours ya 1968, akiwa na Henry Fonda, ilifanya vizuri. Mame ya 1974 ilishindwa, na wakosoaji hawakuwa na huruma na umri wake. Alimsaidia mchekeshaji Carol Burnett alipokuwa akichipukia na urafiki wao ukadumu. Mwaka 1984 aliingizwa katika kundi la kwanza la Jumba la Heshima la Televisheni, na 1985 aliigiza mwanamke asiye na makazi katika Stone Pillow, mchezo usio na kicheko.

Jaribio la mwisho lilikuwa Life with Lucy, mwaka 1986 katika ABC. Alikuwa na miaka 75 na bado alitaka kupanda ngazi na kuanguka. Watazamaji waliogopa ataumia badala ya kucheka, na ABC ilikiondoa baada ya sehemu nane tu kurushwa. Tatizo jingine lilikuwa la kujitakia, matokeo ya ule mkataba wa 1951: Lucy wa miaka 40 alikuwa bado yupo hewani kila siku katika vituo vya miji mingi, mwepesi na mwenye picha safi, na hakuna mchekeshaji mzee ambaye angeweza kushindana naye.

Desi Arnaz alifariki kwa saratani tarehe 2 Desemba 1986. Siku chache baadaye Lucille alipokea heshima ya Kennedy Center mjini Washington, na ujumbe aliouandika Desi ulisomwa jukwaani na mwigizaji Robert Stack. Mara ya mwisho alionekana hadharani Machi 1989 katika hafla ya Oscar, akiwa na Bob Hope. Mwezi uliofuata alifanyiwa upasuaji wa moyo Los Angeles, akaonekana anapata nafuu, kisha mshipa mkuu wa damu ukapasuka asubuhi ya tarehe 26 Aprili. Julai 1989 Rais George Bush alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais baada ya kifo, na Gary Morton akaipokea kwa niaba yake. Utaratibu wa kamera kadhaa za filamu mbele ya watazamaji ulitumika baadaye katika Cheers, Friends na vipindi vingine vingi vya vichekesho vya Marekani.